Hatuandikwi

Benchi la mapokezi ya hospitali lilikuwa limejaa, kwa hiyo Rosaline alilala sakafuni, juu ya leso ya chama. Mama yake, Wilkista, alikuwa ameigeuza upande wa ndani juu ili uso wa Wabwile, mwanasiasa aliyechapwa juu yake, usionekane. Leso nyingine hakuwa nayo. Alikuwa ametoka nyumbani Sirisia alfajiri, simu ilipolia kwamba mtoto anajikunja kwa tumbo huko Kitale anakoshona sare za shule, na hakukumbuka hata kubeba sweta.

"Jina la mtoto halionekani kwa sistimu," alisema Ndirangu, karani aliyekaa nyuma ya kioo. "Hakuandikishwa kwa bima."

"Basi mwandike sasa."

"Kumwandika naweza, mama. Lakini lazima alipe mchango wa mwaka mzima, wote mara moja, halafu sistimu imkubali. Na sistimu imelala tangu asubuhi."

"Ni kidole tumbo. Daktari amesema apasuliwe leo."

"Nimeona hapa. Ama ulipie upasuaji mwenyewe, kesh."

Wilkista ana sauti ambayo sokoni haihitaji spika. Asubuhi hiyo ilimtoka nyembamba mpaka ikabidi arudie. Ndirangu akainua macho, akamtazama vizuri.

"Ngoja kwanza. Si wewe ule mama wa 'Hatuandikwi'? Ni wewe, bana! Huo wimbo tuliucheka hapa mpaka tukatoa machozi."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amefurahi kweli kumwona.

Wimbo ule ulizaliwa mwaka uliotangulia. Mbunge wao, Wekulo, alisimama bungeni akaunga mkono sheria ya bima mpya ya afya. Wabwile, aliyekuwa anakitaka hicho kiti mpaka usingizini, akatangaza kwamba Wekulo amewauza watu wake. Akamwita Wilkista katika ofisi ya chama mjini Bungoma, akampa leso kumi na mbili za kikundi chake cha akina mama, soda juu yake, akasema, "Mama, wewe una koo. Mtungie kitu." Kabla hajafika nyumbani, wimbo ulikuwa tayari. Yeye anatupa mstari, wenzake wanajibu:

"Wekulo alitumwa dawa akaleta kadi!"

"Hatuandikwi!"

"Kadi hainywewi na maji!"

"Hatuandikwi!"

Sheria yenyewe Wilkista hakuisoma. Wabwile hakuisoma. Wekulo aliyeipigia kura, huyo naye sijui, tusidanganyane.

Halafu kulikuwa na ile siku ya Dinah. Dinah ni jirani, mhudumu wa afya wa kijiji, na alipewa simu ya serikali azunguke boma kwa boma akiandikisha watu. Wilkista na kikundi chake walimzingira wakimwimbia, wakamsindikiza hadi barabarani. Akateleza kwenye matope, simu ikaingia maji. Walicheka siku hiyo, we! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na kijiji kizima hakuna aliyeandikwa.

"Mayi," Rosaline alimwita mama yake kutoka sakafuni.

"Niko, mama. Niko hapa."

"Walikuja pale tunaposhona. Watu wa kuandika. Tajiri akasema atatulipia, awe akitukata mshahara pole pole." Alikunja magoti maumivu yapite. "Nilikupigia simu nikuulize. Unakumbuka?"

Wilkista alikumbuka. Alikuwa kwenye mkutano wa chama, na kwa kuwa ni mtu wa kupenda kushangiliwa, aliiweka simu sauti ya juu ili wote wasikie. Ukiandikwa, Rosa, usirudi kwangu! Wanawake walipiga vigelegele, Wabwile akasimama kumpa mkono.

"Wenzangu wakaandikwa," Rosaline alisema. "Mimi nikakataa. Wote walijua mimi ni wa nani. Ningekuaibisha aje?" Akatabasamu. Alitabasamu, jamani, na meno yanagongana kwa homa.

Wilkista alitoka nje akampigia Wabwile. Msaidizi wake ndiye aliyeshika.

"Mheshimiwa yuko Nairobi, amelazwa. Goti. Bima yake imempa siku nne za kupumzika."

"Ana bima?"

"Mama, mtu mkubwa atakosaje bima? Nitamwambia ulipiga."

Akasimama na simu mkononi. Kisha akapigia ofisi ya Wekulo.

"Mama Hatuandikwi!" aliyeshika akaangua kicheko. "Mheshimiwa alisema siku moja utatutafuta. Si uwaimbie hao madaktari?" Alipomaliza kucheka, akawa mtu wa ofisi. "Sawa, ni mgonjwa. Leta barua ya chifu na nakala ya kitambulisho. Kamati inakaa mwezi ujao."

Aliyebaki alikuwa Dinah. Wilkista aliibonyeza namba yake mara mbili na kuikata mara mbili. Mara ya tatu ikaita.

"Dinah, ni mimi."

"Nimesikia Rosa ni mgonjwa. Kitambulisho chake kiko karibu? Nisomee namba."

Kuhusu matope hakusema neno. Alimwelekeza hatua kwa hatua, bonyeza hapa, andika pale, na sistimu ilipokataa akamwambia rudia, na ilipokataa tena akamwambia rudia. Kule nyumbani akawapitia wanawake wale wale wa kikundi, akachangisha kwao mchango wa mwaka, akautuma. Saa kumi na nusu jioni Ndirangu aligonga kioo.

"Imekubali! Mama, imekubali!"

Walimpasua saa kumi na mbili. Daktari alitoka ameshika kofia yake mkononi, akaeleza kwamba kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu mchana na usaha ulikuwa umeenea kila mahali. Kama wangempata asubuhi, alisema. Rosaline aliishi siku mbili. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na sare aliyoiacha kwenye cherehani haikuwa imetiwa vifungo.

Walimzika Jumamosi, nyumbani. Wabwile alileta hema za rangi ya chama, spika na jenereta. Alikuja na fimbo, goti likiwa limefungwa vizuri, akasimama kando ya jeneza kabla hata mchungaji hajaomba.

"Kadi imeua!" alinguruma. "Mlimsikia Wekulo akisema bima itatutibu? Huyu hapa! Alikuwa ameandikwa, kadi ilikuwa imekubali, na amekufa!"

Wekulo naye alikuja, kwa sababu mbunge asipofika matangani kura zake zinahesabiwa kuwa zimepotea. Akachukua maikrofoni, akatoa pole, halafu akazidisha. "Lakini tuambiane ukweli, ndugu zangu. Mtoto huyu angeandikishwa mapema, leo tusingekuwa hapa. Ni nani aliyewaambia msiandikwe?"

Watu wakamzomea. Wilkista hakuzomea. Alimchukia kuliko siku zote, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli na alilisema huku akitazama kamera.

Wenzake wa kikundi, waliovaa zile leso, wakainuka nyuma ya hema. Walianza kiitikio, ngoma ikaingia, kisha wakanyamaza pale panapokuwa mstari wa Wilkista. Wakaitikia tena. Wakamwachia nafasi tena. Wabwile akachechemea hadi alipokaa mama huyo.

"Mama, simama. Mjibu huyu muuaji."

Akasimama. Jeneza lilikuwa hatua mbili mbele yake, na Dinah amekaa chini kando yake.

"Rosa alitaka kuandikwa," Wilkista alisema kwenye maikrofoni.

"Hatuandikwi!"

"Hapana. Nisikilizeni. Alinipigia simu. Nilimkataza mimi."

"Hatuandikwi!" Vumbi lilianza kupanda, vijana wakajiunga, wazee wakatikisa vichwa kwa mdundo.

"Si Wekulo!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu!"

Lakini koo lile halijawahi kukosea mdundo hata siku moja, na siku hiyo pia halikukosea.

"Hatuandikwi!" boma zima likamjibu. Kando ya barabara walinzi walikuwa wanamsukuma Wekulo ndani ya gari.

Wilkista alijaribu kurudisha maikrofoni. Wabwile aliukataa mkono wake, akamshika begani, akamsogezea maikrofoni mdomoni tena. Machozi yalikuwa yanamtoka Wabwile, ya kweli kabisa.

"Hapo hapo, mama," alisema. "Hiyo mpya ni kali. Rudia hiyo."