Samaki wa Papa Grégoire

Jumapili mchana, kikundi cha mapishi kilikutana nyuma ya nyumba ya Maman Emérence huko Nguba. Zamu ya kuchoma ilikuwa ya Papa Grégoire, aliyefiwa na mke, ambaye hakuwahi kupika hata chai. Alivua koti la abakosti, akaweka samaki juu ya makaa, na papo hapo akajaribu kumgeuza. Ngozi yote ikabaki kwenye wavu.

"Polepole, papa!" rafiki yao Bibiane akacheka. "Pakala mafuta ku wavu, kisha umuache. Akiiva, atajiachia mwenyewe."

Samaki wa pili aligeuka muzima, mwekundu. Wote wakapiga makofi. Hata yule aliyechanika walimla, huku wakimtania Grégoire mpaka naye akacheka. Kabla ya kuondoka, aliomba Jumapili ijayo achome tena.