Ardis na Nafasi ya Mwisho Chuoni

Kwao Minnesota, ukikaribishwa kahawa hupaswi kukubali hapohapo kama mtu asiye na wazazi. Kwanza unakataa, halafu unasita, na mara ya tatu unasema, "Basi, nusu kikombe tu," kisha unakunywa viwili.

Ardis Haugland, mpishi wa shule, alikuwa ametembelea vyuo vya jamii vitatu akitaka kusomea uuguzi. Mumewe, Verlyn, alivipima vyote kwa jambo moja: maegesho yake huondolewa theluji saa ngapi. Ardis mwenyewe alikwisha chagua kile cha mjini kwao, chenye masomo ya jioni. Vingine vilikuwa mbali, na barabara za Januari hazina huruma. Huko asingemaliza hata muhula.

Mshauri wa chuo hicho cha mjini, Bi Trevizo, mzaliwa wa Texas, akamwambia, "Dada Ardis, una bahati. Imebaki nafasi moja. Unaitaka?"

Moyo ukamruka. Mdomo ukasema, "Aa, hapana, mpe anayeihitaji zaidi."

Akangoja aulizwe tena.

"Haya, asante kwa kuja," akasema Bi Trevizo, akamfungulia mlango.

Verlyn alikuwa akimsubiri garini. "Umeipata?"

"Nimeikataa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Basi bado mbili."

"Hakuuliza tena, Verlyn!"

"Hakuuliza?" Verlyn akazima gari. "Huyu mtu katokea wapi? Basi twende kile cha kaskazini. Wale wanamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kabla ya alfajiri."

Ardis akaangua kilio. Mkataa pema pabaya panamwita, na kwake pabaya pangekuwa jikoni mwa shule mpaka uzeeni.

"Mama alipougua," akasema, "muuguzi mmoja tu ndiye aliyejua kumgeuza bila kumuumiza. Nikataka kuwa kama yule. Ukaniuliza kama nataka kusoma, nikasema watoto kwanza. Nikangoja uniulize tena. Mpaka leo nangoja."

Verlyn akatazama usukani. Miaka yote hiyo alidhani mkewe hataki.

"Mke wangu," akasema taratibu, "unataka kusoma?"

Ardis alikwisha fungua mlango wa gari.

Alimkuta Bi Trevizo kashika kichwa. "Dada, hivi nyie watu mna nini? Nimewapigia wote waliokuwa wakisubiri nafasi hii. Kila mmoja ananiambia nimpe mwingine!"

"Naitaka," akasema Ardis. Masikio yalimwaka moto kwa aibu, lakini akarudia. "Naitaka mimi. Niandike."

Simu ikalia mezani. Bi Trevizo akanyoosha mkono.

"Usiipokee kwanza," Ardis akamwambia, huku akivuta kiti na kuketi bila kukaribishwa. "Huyo anapiga kukataa mara ya pili."