Mama Mkwe Ndani ya Simu Zote

Gari la matangazo lilipita mtaani likitangaza hakathoni, watu wakasikia marathoni. Huwezi kuwalaumu. Spika ya gari ile ilikuwa imepasuka, na neno lenyewe lilikuwa geni hata kwa aliyekuwa akilisoma. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, milango ya ukumbi wa jamii ilipofunguliwa, waliingia vijana wachache wenye kompyuta kwapani, na nyuma yao likafuata kundi kubwa la watu wa kila rika, wamevaa raba na bukta, wananyoosha misuli na kuuliza mbio zinaanzia wapi.

Mratibu, dada mwembamba aliyeshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke, aliwaeleza kwamba hapa hakuna kukimbia. Hapa watu wanakaa kitako, wanatengeneza programu za kufundishia watoto kwa simu, na jioni majaji wanachagua iliyo bora. Wakimbiaji wakaangaliana. Kurudi nyumbani hawakutaka, maana walikuwa wameaga kwa mbwembwe. Mratibu naye hakutaka waondoke, kwa kuwa alikuwa amewaahidi wakubwa wake ukumbi uliojaa. Basi wakagawanywa kwenye vikundi. Kila kikundi kikapata mtu wa kuandika programu, mtu wa elimu, na wakimbiaji wa kutosha.

Mtu wa elimu katika kikundi cha dirishani alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Asili. Jina lilitokana na somo la sehemu. Kila sehemu, aliwaambia wanafunzi wake, ina kiasi juu na asili chini, na asiyejali asili atapotea. Alilisema hilo mwaka baada ya mwaka, kwa sauti laini ya kubembelezea, na watoto walibembelezeka kweli, wakalala. Hakukata tamaa. Alikuwa amekuja na wazo alilolilea muda mrefu: programu ya kumfundisha mtoto sehemu polepole, bila kukemewa na bila kuaibishwa.

Wa kuandika programu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa vidole vyepesi na maneno machache. Na miongoni mwa wakimbiaji wao alikuwemo mama mkwe.

Huyu hakupangwa pale, alijipanga. Alikuja na raba nyeupe, kilemba kimekazwa kwa ajili ya upepo. Alipoambiwa mbio hakuna, aliangaza macho, akamwona mwanawe, akamwona mkwewe, akavuta kiti. Mwalimu alisimama kumpisha, ingawa kiti alichovuta mama kilikuwa kingine kabisa.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Tangu mama ahamie kwao, Mwalimu hakuwahi kumpinga kwa lolote. Mama akisema chumvi imezidi, Mwalimu aliyeisifu mboga ile ile punde tu aliisukuma sahani mbele. Mama akisema saa ya ukutani inachelewa, Mwalimu aliisogeza mbele, halafu asubuhi akafika shuleni na kusimama nje ya lango akimngoja mlinzi aamke. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba mama haumi. Mwalimu alijibu kwamba hata umeme hauumi, lakini watu hawaushiki.

Kazi ilianza vizuri. Mwalimu alitunga maswali, shemeji akayaingiza kwenye kompyuta, wakimbiaji wakashika simu kujaribu. Shida ikawa sauti ya kumwongoza mtoto. Walirekodi ya Mwalimu, wakamsikilizisha mkimbiaji mmoja, fundi bomba mwenye mwili wa kutosha. Kabla ya swali la pili fundi alikuwa anakoroma. Walijaribu kwa mwingine, naye akaegemeza kichwa kwenye bega la fundi bomba. Shemeji hakutaka kumvunja moyo mume wa dada yake, kwa hiyo alisema tu kwamba huenda sauti ile ingefaa programu ya aina nyingine.

Wakati huo huo mtu wa kikundi cha jirani, akitafuta pa kuchomeka chaja, alichomoa waya wa kompyuta ya shemeji. Mama mkwe aligeuka.

"Nani kachomoa?"

Hakupiga kelele. Lakini ukumbi mzima ulinyamaza mpaka feni zikasikika. Aliyechomoa alinyoosha mkono. Wengine wawili ambao hawakuchomoa chochote nao walinyoosha, na jaji mmoja kule mbele alificha kikombe chake nyuma ya mgongo. Fundi bomba aliamka akasema swali la pili jibu lake ni nusu, na lilikuwa nusu.

Mwalimu na shemeji walitazamana. Hapakuwa na haja ya kujadiliana.

Mama alikubali kurekodiwa, ila karatasi aliyoandikiwa na Mwalimu, yenye maneno kama "Jaribu tena, rafiki mdogo", aliisoma kimoyomoyo, akaikunja, akajipepea nayo. Kisha alizungumza ya kwake. Alisema: rudia. Alisema: mimi sina haraka, wewe ndiye mwenye haraka. Alisema: usinitazame hivyo, jibu haliko usoni kwangu. Alipoombwa neno la kumpongeza aliyepata, alikataa, akisema sifa humharibu mtoto, na baada ya kubembelezwa sana akatoa moja: afadhali.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Hiki sicho alichokiota. Lakini angemwambiaje? Alisema, "Ndiyo, mama," na programu ikaenda hivyo.

Shemeji, kwa kunogewa, aliongeza lake. Watoto hufunga programu wakishindwa, alieleza, kwa hiyo hii haitafungika mpaka mtu apate jibu, na simu haitafanya kazi nyingine yoyote. Tena maswali yatabadilika kutoka simu hadi simu, watu wasinakiliane. Halafu, badala ya kuijaribu kwenye simu moja, aliituma kwenye mtandao wa ukumbi. Asubuhi kila aliyeingia kwenye mtandao ule alikuwa ameulizwa kama anakubali masharti, na kila mtu alikuwa amebonyeza Kubali bila kusoma, kama kawaida ya binadamu.

Simu zote zililia kwa pamoja. Kisha mama mkwe akasema, kutoka mifukoni, mikobani, mezani na ndani ya soksi za wakimbiaji: "Kaa vizuri. Tunaanza."

Watu wote wakakaa vizuri.

Mwanzoni palikuwa na kicheko. Kicheko kikaisha pale mtu alipotaka kumpigia mkewe na akaulizwa robo tatu toa nusu ni ngapi. Majaji walikuwa wameweka alama zao kwenye simu, na alama hazikufunguka. Mratibu alibonyeza kila palipobonyezeka huku simu ikimwambia kwamba haina haraka. Shemeji alikimbilia kompyuta yake azime kila kitu, kompyuta ikamtaka athibitishe kwa simu, na simu ilikuwa na swali. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu aliyeandika programu ya sehemu hajui sehemu. Tangu shule alikuwa akizifanyisha kompyuta.

Katika hali hiyo mgeni rasmi akawasili.

Alikuwa mkubwa wa elimu, mtu wa suti na tabasamu pana, na hotuba yake yote ilikuwa kwenye simu. Alipofika jukwaani alijiunga na mtandao, akabonyeza Kubali, akainua simu usawa wa macho. Simu ikamuuliza kupitia kipaza sauti: theluthi mbili jumlisha robo. Mgeni rasmi alicheka kidogo kwa ajili ya watu. Akaandika tatu juu ya saba.

"Tatu juu ya saba," mama mkwe alirudia kutoka ndani ya simu, taratibu, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Rudia."

Alirudia tatu juu ya saba, kwa tarakimu kubwa zaidi. Aliambiwa jibu haliko usoni. Alimgeukia mratibu, mratibu akatazama dari. Hatimaye aliinama mbele ya jukwaa na kuuliza, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliisambaza hadi barabarani, kama kuna mwalimu yeyote humu ndani.

Mwalimu Asili alijikuta amesimama. Baadaye hakukumbuka alivyotembea. Alichokumbuka ni kwamba alipogeuka na kuutazama ukumbi, kila jicho lilikuwa kwake, na hakuna aliyesinzia. Katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kuona watu wazima wenye kiu ya sehemu namna ile.

Alimwambia mgeni rasmi, kwa upole, kwamba alikuwa na theluthi mbili, akaongezewa robo, akaishia na kitu kidogo kuliko alichoanza nacho. Nani kamwibia? Mgeni rasmi alifikiri, akakiri kwamba kweli kuna wizi. Mwalimu akaomba viti kumi na viwili vipangwe mstari mmoja. Wakimbiaji, waliokuwa wamekaa bure siku nzima, walivileta mbio mbio. Akawakalisha wanane: hiyo ndiyo theluthi mbili. Akawakalisha watatu: hiyo ndiyo robo. Kikabaki kiti kimoja kitupu, na mgeni rasmi akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyumbani kwake. Akaandika kumi na moja juu ya kumi na mbili.

"Afadhali," simu ikasema, ikafunguka.

Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni rasmi alisahau hotuba, akashuka, akakaa kwenye kile kiti kitupu aone swali la nani linafuata. Kuanzia hapo ikawa viti huku, viti kule, wakimbiaji wanakaa na kuinuka kama watu wanaosali, Mwalimu anapita katikati akiuliza kila mmoja asili yake ni ngapi. Simu moja baada ya nyingine ilisema afadhali. Majaji walipata alama zao. Shemeji alipata jibu lake kwa kukalishwa kwenye kiti kama robo, na aliposimama alikuwa mtu mwingine kidogo, hata kuzima programu hakukumbuka.

Ikabaki simu moja tu.

Mama mkwe alikuwa ameketi pale dirishani, simu ameishika mbali na uso. Aliulizwa nusu jumlisha theluthi. Akajibu mbili juu ya tano. Akaambiwa arudie. Akajibu mbili juu ya tano.

"Mimi sina haraka," sauti yake ikamwambia, "wewe ndiye mwenye haraka."

"Hata mimi sina haraka," mama akaijibu. "Tutakaa hapa."

Wakakaa. Simu ikakemea, mama akakemea. Simu ikamtaka asiitazame hivyo, mama akasema atatazama anavyotaka, hakuzaliwa jana. Watu walianza kusogea karibu, halafu wakasogea mbali. Shemeji alimnong'oneza Mwalimu kwamba anamjua mama yake, na sasa wako wawili, jambo hili linaweza kufika mwakani.

Mwalimu alisogea. Neno lililomjia lilikuwa lile "ndiyo" la siku zote, na kwa kweli alifungua mdomo kulisema. Lakini alitazama lile jibu pale kwenye kioo, mbili juu ya tano, chini hata ya nusu aliyoanza nayo, na mwalimu aliyekuwa ndani yake akamtangulia mkwe.

"Mama," alisema, "umekosea."

Fundi bomba alivua kofia. Mama mkwe alimtazama mkwewe kutoka viatuni hadi kichwani, bila haraka, kama mtu anayesoma bango refu.

"Nimekosea wapi, baba?"

Alimwambia wapi. Akavuta viti sita. Akamwomba aweke nusu, mama akawaita wakimbiaji watatu kwa kidole. Akamwomba aongeze theluthi, mama akafikiri, akaita wawili. Alivihesabu viti kwa kuvigusa mgongoni, kimoja kimoja, akarudi mwanzo akavihesabu tena kwa kutomwamini mtu. Kisha akauliza kwa nini muda wote huo alikuwa akijumlisha vya chini, na Mwalimu akamweleza kwamba vya chini si vitu, ni jina la ukubwa wa vipande, na majina hayajumlishwi. Akaandika tano juu ya sita. Simu ilipomwambia afadhali, aliizima na kuitia mkobani bila kuiaga.

Ushindi haukuwa wao. Majaji walijifungia, wakatoka, wakatangaza kwamba programu bora ni ile ya kufundisha watoto kupiga mswaki, kwa sababu, alieleza mwenyekiti wao, ilikuwa inazimika. Kikundi cha dirishani kilipewa onyo na pongezi katika sentensi moja. Mgeni rasmi alimshika Mwalimu mkono kwa nguvu kidogo kupita kawaida, akamuuliza pembeni kama kuzidisha nako kunafanywa kwa viti.

Walitembea watatu kurudi nyumbani, shemeji mbele na kompyuta yake, Mwalimu na mama mkwe nyuma. Njia nzima Mwalimu aliyapima maneno yake mawili ya ukumbini kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Nyumbani mkewe aliuliza nani kashinda, akaambiwa ni mswaki.

Mwalimu alikuwa ndio kwanza amevua viatu mama alipotokea sebuleni akiburuta kiti cha jikoni. Alikiweka katikati ya chumba, akaenda, akarudi na kingine.

"Sasa nifundishe kugawanya," alisema.

Mwalimu alitazama viti. Miguu ilimuuma, na sauti ilikuwa imemkauka kwa jinsi alivyosikilizwa siku ile.

"Kesho, mama," alisema. "Leo nimechoka."

Mkewe alisimama mlangoni na sahani mkononi, hakuthubutu kuiweka chini. Mama mkwe alivipanga viti vyake sawasawa.

"Haya," alisema. "Kesho." Akakalia kimoja cha viti vile, akaanza kufungua kamba za raba.