Mkono wa Kulia wa Sweta la Magrieta

Wewe umewahi kufuma sweta ambalo mkono wake wa kushoto unamtosha mtoto wa miaka saba, na wa kulia unatoka behewa la nyuma hadi la mbele? Nontsapho alilifuma, kwa mabaki ya sufu ya rangi yoyote aliyopata, kwa sababu mwanawe Magrieta alikuwa na mkono wa namna hiyo, na upepo wa Port Elizabeth asubuhi hauna huruma.

Kila Jumamosi walipanda treni ya Uitenhage. Gerrit, baba wa mtoto, alikuwa Mzungu, kwa hiyo alikaa behewa la mbele. Nontsapho alikuwa Mxhosa, akakaa la nyuma na Magrieta. Sheria ilikuwa na kifungo kwa mwanamume na mwanamke kama hao. Mpaka washuke Swartkops na kupotelea kwenye matete ya mtoni kula samaki wao wa kukaanga, Magrieta alimwita baba yake Bwana, kama alivyofundishwa.

Mkono ulirefuka Jumamosi moja alipokuwa akilia anataka mbele. Ulitoka dirishani, ukafuata ubavu wa treni, ukaingia dirisha la Gerrit, ukamshika kidole gumba. Gerrit akaufunika kwa gazeti.

"Dada, hilo ni sweta au unatandika reli?" aliuliza mama mmoja mwenye kapu la kabichi.

"Nishikie uzi, acha maneno."

Taabu ilikuwa masizi. Jumapili Nontsapho aliufua mkono ule wa sweta kwa sabuni ya mche, akauanika kutoka uani kwake hadi kwa jirani, na jirani akaanika soksi zake juu yake.

Mkagua tiketi alikuwa mtu wa utaratibu. Mtumishi aliruhusiwa behewa la Wazungu akiwa kazini, basi akauliza, "Mkono huu wa nani, Bwana?"

"Wa mtumishi wangu," alisema Gerrit.

Mkagua tiketi akatoboa tiketi, akapita. Kule nyuma Magrieta hakusikia kitu. Mkono ulisikia. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umepungua shubiri nzima.

Ikawa hivyo: swali lile lile, jibu lile lile, na mkono unarudi. Nontsapho alifumua, akakunja sufu kuwa donge. Siku moja, huko kwenye matete, akasema, "Siku hizi nafumua tu. Unauambia nini mkono wa mtoto?"

"Nikisema lingine watanifunga. Na wewe pia."

"Najua," alisema, akaendelea kumtolea mtoto miiba ya samaki.

Magrieta, aliyekuwa sasa na miaka tisa, akauliza kama anaweza kuita Baba pale kituoni, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Ukikua," wakamwambia.

Jumamosi moja mkono ulifika ukingo wa dirisha la nyuma kabisa la behewa la mbele, usiende zaidi. Gerrit akahamia kiti cha nyuma kabisa, kile cha juani kisichopendwa na mtu, akazishika ncha za vidole.

"Bado ni wa mtumishi?" aliuliza mkagua tiketi.

Gerrit akalikunja gazeti, akaliweka chini.

"Hapana. Ni wa mwanangu. Anaitwa Magrieta."

Mkagua tiketi akaitoboa tiketi, kwa kuwa ilikuwa halali, na treni iliposimama New Brighton akashuka kupiga simu.

Swartkops askari wawili walikuwa wakingoja chini ya vibao vya milango miwili, ule wa Wazungu na ule wa wengine. Wakamtia Gerrit garini. Nontsapho wakamwambia zamu yake ni Jumatatu. Gari lilipoondoka, mkono wa Magrieta ukachomoka kwenye sweta, ukalifuata barabarani, ukapenya wavu wa dirisha, ukamshika baba yake kidole gumba.

Nontsapho akatoa donge la sufu kapuni, akaanza kufuma pale pale aliposimama.

"Baba," alisema Magrieta katikati ya watu, kwa sauti ya kawaida.