Nyuma Kumeoza

Maftaha aligonga ubavu wa boti kwa mpini wa nyundo, na boti ikajibu vizuri: ko, ko, ko. Akasogea nyuma, pale injini inapofungwa, akagonga tena. Bu. Akaweka sikio, akagonga mara nyingine. Bu. Mlio wa papai lililopitiliza kuiva.

Boti ile ilikuwa ya faiba, nyeupe, mali ya Mzungu mmoja aliyekuwa akivulia samaki wakubwa kwa starehe zake enzi za bendera ya Malkia. Uhuru ulipokuja yeye akaenda zake, boti ikabaki nyuma ya boma pale Kilwa Masoko, inanyeshewa masika, inababuka kiangazi, kuku wa askari wanatagia ndani yake. Hakuna aliyeihitaji mpaka mwaka ule wa Operesheni Vijiji. Watu walipandishwa malori kutoka Mitole na Kikole, wakamwagwa kwenye kijiji kipya kando ya mji, wakaacha mikorosho yao inadondosha korosho chini bila mwokotaji, halafu wakubwa wakatafuta kitu cha kuonyesha. Ndugu Likwata, katibu wa Chama, ndiye aliyeikumbuka boti. Akatangaza kwamba sasa ni ya kijiji, na kwamba siku ya Saba Saba itakwenda Pande, ng'ambo ya maji, kuwaleta kinamama wa lelemama waje kucheza mbele ya wageni.

Kiongozi wa lelemama huko Pande alikuwa Mwahija, dada yake Maftaha, tumbo moja.

Ndiyo maana Maftaha hakuishia kugonga. Alikata ile ngozi ya faiba kwa msumeno, na kabla ya kitu kingine chochote yakatoka maji, meusi, yananuka mtaro. Faiba ni ngozi tu; ndani yake mna ubao, na ubao ndio unaobeba injini. Maji yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya skrubu, yakakaa humo miaka yote ile yakiula ubao polepole. Maftaha aliutoa kwa kijiko cha chai. Patasi aliiweka pembeni, haikuwa na kazi.

Likwata alikuja na mgambo wake, suti ya Chama imenyooshwa hadi inakata.

"Ndugu fundi, mbona umetoboa mali ya umma?"

"Imeoza, Ndugu Katibu. Tazama."

"Faiba haiozi."

"Faiba haiozi, ni kweli. Ubao wa ndani ndio uliooza."

Sasa msikie hili vizuri, maana baadaye walisema katibu hakujua. Likwata aliinama, akatia kidole ndani ya lile tundu. Kidole kikazama chote. Akakitoa, akakitazama, akakifuta kwa leso taratibu, na leso akaikunja upande mchafu uwe ndani.

"Inataka nini?"

"Inataka ikaushwe kwanza, kisha nitie ubao mpya. Zile mbao za mninga tulizoziweka kwa kazi hii, nimekwenda ghalani sikuzikuta."

"Ziko jukwaani."

"Jukwaani?"

"Wageni watasimama juu ya nini, Ndugu Maftaha? Juu ya kichwa chako?" Mgambo akacheka. "Saba Saba ikipita, zibandue ukazitumie."

"Lakini boti inakwenda Saba Saba yenyewe."

"Basi funika. Paka rangi ya kijani, ing'are."

"Watu watakufa, Ndugu Katibu."

Likwata alimsogelea, sauti yake ikashuka, na ilipokuwa chini ndipo ilipotisha. "Neno hilo la kuoza nisilisikie tena. Anayesema mali ya kijiji imeoza anasema kijiji kimeoza. Anayesema kijiji kimeoza anasema Chama kimeoza. Mtu wa namna hiyo tunamtafutia pa kukaa, tena pana kufuli nje."

Babu yake Maftaha aliwahi kuambiwa na akida wa Mjerumani, huko Kivinje, kwamba alime pamba kwanza, maneno baadaye. Maftaha alilisikia lile neno la akida likirudi kwa sauti nyingine. Kofia ilikuwa imebadilishwa, kichwa ni kilekile.

Akafunika. Aliweka kipande cha plaiwudi, akalaza kitambaa cha faiba, akapaka gundi. Gundi ile haishiki mti uliolowa, hujifanya imeshika. Akamaliza kwa rangi ya kijani, na boti ikapendeza kuliko kitu chochote pale mjini. Watoto walikuja kujitazama ndani ya mng'aro wake.

Kwenda Pande mwenyewe hakuweza, maana tangu siku ile mgambo alimwandama kama mkia. Alipata ruhusa ya kufika Nangurukuru tu, kununua misumari. Hapo njia panda akamkuta Bakary, utingo wa lori la kwenda kusini, amesimama ubaoni nyuma, injini inanguruma, abiria wanagombania nafasi na magunia. Bakary alikuwa mtu wa maneno mengi na masikio machache.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Pande mtapita?"

"Tunalala hukohuko!"

Mgambo alikuwa benchi la jirani, anapuliza chai, jicho limekaa pembeni. Maftaha akapiga hesabu yake. Neno "boti" asilitaje. Mwahija ni mjane wa nahodha. Akiambiwa nyuma kumeoza, ataelewa nyuma ya nini. Na Mwahija akigoma kupanda, kinamama wote watagoma.

"Mwambie dada yangu Mwahija," alisema, na lori likaanza kuondoka, "mwambie Saba Saba... nyuma kumeoza!"

"Nini?"

"Kumeoza! Mwambie hivyohivyo!"

Bakary alicheka meno yote, akapunga mkono. "Hongera mzee! Nitafikisha!"

Maftaha alidhani anapongezwa kwa rangi ya boti, habari yake ilikuwa imeshaenea. Akanunua misumari, akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu atoboe ile ngozi, chakula kilimpita kooni.

Saba Saba kusi ilivuma tangu alfajiri, maji nje ya ghuba yakawa na meno meupe. Boti iliondoka na Abilahi, dereva, akiwa peke yake. Alikuwa ameagizwa na katibu kwamba wakati wa kurudi aingie kwa mbio, wageni waone povu. Maftaha alisimama gatini. Aliwaza boti itarudi tupu, Likwata ataadhirika, na yeye atalala ndani. Alikuwa tayari. Hata shuka alikuwa ameikunja nyumbani.

Ndipo akashikwa bega. Bakary, kanzu nyeupe, kofia ya vito, ananukia udi.

"Mzee wewe mchoyo! Mimi nibebe mwaliko, halafu mwenyewe usinialike?"

"Mwaliko gani?"

"Ah, mwone! Si ulisema nyumbani mnaoza? Nikajua tu, binti yako Samia kapata mume. Nimefika kwa dada yako, kaacha mwiko chunguni, kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Eti, 'Kaka yangu anaoza, hata kuniuliza hakuniuliza!' Alikuwa aje na ngoma tu, sasa anakuja na ukoo mzima. Mikeka, masinia, wakwe, wajukuu, mbuzi wawili. Bi harusi yuko wapi?"

Maftaha alifungua mdomo. Neno lile lililokatazwa lilikuwa humo, zima, halina tena kazi.

"Ile pale!" mtu akapaza sauti.

Boti ya kijani ilitokeza kwenye mlango wa ghuba. Pua ilikuwa juu, nyuma imekaa chini mno, watu wamejazana hadi ukingoni, kanga zinapepea. Kwenye jukwaa Likwata aliinua mkono, na Abilahi, aliyekuwa akiutafuta mkono huo kwa mbali, akafungua mafuta. Povu likapanda. Wageni wakapiga makofi, miguu yao juu ya mninga.

"Punguza!" Maftaha alipiga kelele, anakimbia ukingoni mwa gati. "Abilahi, punguza! Imeoza! Imeoza!"

"Anaoza, anaoza!" kinamama wa gatini wakadakia, wakacheka, wakapiga vigelegele. Na kule majini, kwa kuwa vigelegele hushinda hata upepo, Mwahija akasimama kwenye boti akavijibu.

Injini ililia kwa sauti nyembamba, ya juu, kama kitu kilichoachiwa. Kisha ikang'oka, ikazama, ikanyamaza.

Vigelegele viliendelea kidogo.