Herufi Nane

Mama alinitamkia barua ile akiwa kitandani, wiki mbili kabla hatujamzika. Ilikuwa ya mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka miwili. Aje aisome akishakuwa mtu mzima. Niliiandika kwa penseli, kesho yake nikaichapa ofisini nilikokuwa kibarua. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha, nikaihifadhi kwenye diski, ile bapa ya plastiki yenye mlango mdogo wa chuma. Karatasi nikaitupa. Siku hizo kutunza karatasi kulionekana ushamba.

Zikaja sidii, zikaja flashi, kompyuta mpya zikatoka bila hata tundu la kuingizia diski. Yangu ilikaa kabatini ndani ya soksi. Kila mara mdogo wangu alipoiulizia nilimwambia asiwe na wasiwasi, ipo.

Mwezi uliopita, akiwa na mimba ya miezi minane, alisema hasubiri tena. Tukampata fundi aliyebakiwa na mashine moja ya kuzisomea. Akaigeuzageuza diski, akatuuliza kama tumeifukua. Mdogo wangu akacheka. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Ndani kulikuwa na faili moja tu, BARUAYAM. Ikafunguka.

"Kwa Meneja," mdogo wangu akasoma. "Yah: Maombi ya kazi." Akanigeukia. "Dada, mama alikuwa anatafuta kazi?"

Kompyuta za wakati ule zilikubali jina la herufi nane, zinazozidi zinakatwa. Barua ya mama. Barua ya maombi. Kibarua kilipoisha, mwezi mmoja baada ya mazishi, nilichapa maombi yangu ya kazi, nikayahifadhi kwenye diski ileile. Kompyuta ikauliza kama ifute ya zamani yenye jina hilohilo. Nikadhani ni rasimu yangu, nikakubali.

Nilimweleza yote palepale. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi. Mdogo wangu akaniuliza mama alisema nini. Nilikumbuka "Mwanangu" ya mwanzo, na kwamba alipumzika mara tatu kabla hatujamaliza. Mengine yalikuwa yamenitoka.

Akarudi kwenye kioo cha kompyuta, akasoma barua yangu polepole, kidole kikifuata mistari. Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba naomba wanifikirie, kwa kuwa nina mdogo wangu wa miaka miwili ninayemlea peke yangu.

"Ulipata?" akauliza.

"Sikupata."