Ridhaa ya Shangazi

Binamu yangu alikuwa na shahada ya baiolojia na mdomo, na katika hivyo viwili alichokitumia ni mdomo. Mtaani aliitwa Bingwa. Jina alijipa mwenyewe, nasi tukalikubali kwa uvivu wa kubishana naye.

Tulisoma pamoja cheti cha uzamili cha utafiti wa kitabibu, kozi ya kuwafundisha wenye shahada namna ya kuendesha majaribio ya dawa kwa binadamu. Mimi nilitoka wodini, muuguzi niliyetaka kupumzisha miguu. Yeye alitoka kwenye kochi la mama yake, ambaye ni shangazi yangu. Darasa letu lilikuwa juu ya saluni, na harufu ya dawa ya nywele ilitupandia mpaka kooni. Mhadhiri, mwanamume wa suti ya kijivu isiyobadilishwa, alitusomea maneno yaliyomulikwa ukutani neno kwa neno, kama vile sisi hatuna macho, kisha akatuuliza tumeelewa. Bingwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Muda wote huo alikuwa anachati kwenye simu yake chini ya meza.

Kozi yote ile ilikuwa na jambo moja la maana, nalo ni ridhaa. Humpi mtu dawa ya majaribio mpaka umweleze inatafuta nini, inaweza kumdhuru vipi, kwamba huenda akapewa kidonge kitupu kisicho na dawa, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kununiwa. Akishaelewa, ndipo unamuuliza. Ni jambo jepesi hivyo, na Bingwa lilimshinda.

Tulipopelekwa kliniki kufanya mazoezi ya kuandikisha washiriki wa jaribio, alikuja na koti jeupe alilojinunulia. Hakuna aliyetutaka tuvae koti. Alipita kwenye mabenchi ya wagonjwa kama mtu anayegawa vipeperushi, na kila aliyemgusa bega alikubali. Mimi nilikaa na mama mmoja mpaka kiti kikaniuma, nikamweleza kila kitu, akanishukuru vizuri sana, akakataa. Nikamwona mzee aliyetoka kuzungumza na Bingwa amejikunyata, kofia mkononi.

"Baba, umekubali nini?" nilimuuliza.

"Upasuaji," akasema. "Daktari kasema nisipokubali goti litaoza."

Nilimrudisha yule mzee, nikamweleza upya, akashusha pumzi, akacheka. Kisha nikaenda kumwambia mhadhiri. Mhadhiri alitazama watu waliojiandikisha kwa Bingwa, akatazama mikono yangu mitupu, akasema, "Mwenzako ana kipaji cha kuongea na watu. Jifunze kwake."

Kwa hiyo Bingwa akawa wa kwanza darasani. Siku ya kupewa vyeti alipiga picha na kila mtu, hata na mlinzi wa getini. Hazikupita siku nyingi akaajiriwa kwenye utafiti wa dawa mpya ya maumivu ya magoti, kazi yake kuandikisha washiriki. Mimi niliomba kazi hiyohiyo wakaniambia sina mvuto. Nikarudi wodini na cheti changu kwenye bahasha.

Kwa jinsi alivyovimba kichwa, ungedhani dawa ameigundua yeye. Akija kunitembelea hasemi "wagonjwa" tena, anasema "washiriki wangu". Akanieleza kuwa mkubwa wake anamsifu kwa kasi. Nilimuuliza kama anawaeleza watu vizuri. Akaniangalia kwa huruma.

"Dada, wewe unapenda kukaa na mtu asubuhi nzima. Watu hawataki maelezo. Wanataka mtu wa kuwaambia la kufanya."

Kisha kasi ikaisha. Washiriki wa mtaa ule waliisha, mkubwa akaanza kuuliza maswali, na Bingwa, badala ya kutembea hadi mtaa wa pili, alitembea hadi jikoni kwa mama yake.

Shangazi anaumwa magoti, hilo kila mtu analijua. Lakini shangazi pia anatumia vidonge vya presha tangu siku za ukatibu wake shuleni, na dawa ile ya utafiti ilikuwa marufuku kwa mtu wa presha. Vidonge vyake vinakaa juu ya friji. Bingwa alikula chakula chake chini ya vidonge hivyo kila siku ya Mungu. Alipomwandikisha, akafika kwenye swali la fomu kama mshiriki anatumia dawa nyingine, alimjibia mama yake: hapana. Hakumuuliza hata kwa ajili ya adabu tu.

Waliniletea shangazi wodini kwangu mchana mmoja, kwenye machela, jirani yake akimshika mkono. Alikuwa ameanguka bafuni. Presha ilikuwa imepanda mpaka nikaipima upya nikidhani kipimo kimeharibika. Tulimhangaikia, na jioni akafungua macho, akaniuliza nani amefunga mlango wa nyumba yake.

Bingwa alifika amevaa lile koti. Nilimwambia alivue kabla ya kuingia. Akalivua.

"Mama, pole," akaanza. "Ni uchovu tu."

Shangazi alijiinua kwenye mto. "Vile vidonge ulivyonipa. Ulisema ni vitamini za mifupa."

"Ni kama vitamini, mama."

"Ni nini?"

Bingwa alinitazama mimi. Niliendelea kukunja shuka.

"Ni dawa ya majaribio," akasema polepole. "Ya magoti."

"Kwa hiyo nimekunywa dawa ya majaribio."

"Huenda. Wengine wanapewa kidonge kitupu."

"Na mimi nimepewa kipi?"

"Hata mimi sijui, mama. Haturuhusiwi kujua."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli kumtoka tangu aanze kazi ile, na yalikuwa yamechelewa. Shangazi alivuta shuka hadi kifuani. "Mimi simo tena," akasema. "Au na hilo haliruhusiwi?"

"Linaruhusiwa," nikajibu mimi.

Daktari mkuu wa utafiti alikuja kesho yake, akamwomba shangazi radhi, na Bingwa akafukuzwa kabla wiki haijaisha. Ningependa kusema aliishia hapo. Mhadhiri wa suti ya kijivu alimpigia simu, akampa darasa. Sasa anafundisha vijana namna ya kuzungumza na washiriki, juu ya saluni ileile, na nasikia anasifiwa.

Siku shangazi aliporuhusiwa nilimsindikiza hadi kwenye teksi. Alitembea taratibu, akishika ukuta, na hakutaka nimbebee mkoba. Nilidhani ataniambia habari za presha.

"Angeniomba tu," akasema. "Angesema, mama, kazi yangu iko hatarini, dawa yenyewe iko hivi na hivi. Ningemwambia hapana, tena kwa upole. Lakini alidhani sitaelewa. Mimi niliyemfundisha kusoma."

Nilimfungulia mlango wa teksi. Aliingia, akapanga gauni lake magotini, akamwambia dereva asikimbie.